Jinsi fedha za nishati safi zinavyopotea, na wabunge wanachoweza kufanya

Mpango wa nishati safi ukifa, mara nyingi hutaipata siku ambayo wabunge walipiga kura ya kuufuta. Sheria yake bado ipo, ofisi yake ina watumishi, na kwenye kitabu cha bajeti kifungu chake kina namba. Kilichotokea ni kwamba fedha zilitengwa lakini hazikutolewa, au ilitoka robo tu mwishoni mwa mwaka wa fedha. Pengine tozo iliyoanzishwa kwa ajili yake ilihamishwa kuziba pengo kwingine, au nafuu ya kodi iliachwa ifikie ukomo bila kuhuishwa. Ndiyo maana mjadala huu unawachanganya watu. Waziri anasimama bungeni na kusema mpango unaendelea, mkandarasi analalamika hajalipwa, na wote wawili wanasema kweli.

Nitaeleza fedha hizi zinafanya kazi gani hasa, zinapotelea wapi, na mbunge ana nguvu gani juu yake. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: wabunge wanapaswa kuzilinda, na cha kulindwa kwanza ni uhakika wa fedha zenyewe, hata kabla ya ukubwa wake.

Gharama yote siku ya kwanza

Kituo cha umeme wa gesi hujengwa kwa fedha kiasi, kisha hununua gesi kila siku ya maisha yake. Shamba la paneli za sola au mitambo ya upepo huenda kinyume chake. Jua na upepo havina ankara, lakini karibu gharama yote hulipwa kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Anayejenga lazima akope, na akishakopa, riba inakuwa sehemu kubwa ya bei ya umeme.

Tupige hesabu. Chukua mradi wa dola milioni 100 ambao mkopo wake unarejeshwa kwa mafungu sawa kila mwaka kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 4, rejesho la mwaka ni takriban dola milioni 7.4. Riba ikiwa asilimia 12, rejesho linafika takriban dola milioni 13.4. Paneli ni zile zile, jua ni lile lile, mafundi ni wale wale, na umeme unaotoka haujaongezeka hata uniti moja. Hata hivyo, mradi wa pili unadaiwa karibu mara mbili ya ule wa kwanza, na tofauti yote inakwenda kwa mkopeshaji. Shirika la Kimataifa la Nishati limeeleza kwamba gharama ya mtaji, yaani riba na faida wanayodai wenye fedha, kwa miradi ya aina hii barani Afrika ni angalau mara mbili hadi tatu ya ile ya nchi tajiri. Kwa hiyo inawezekana kabisa nchi yenye jua la mwaka mzima ikazalisha umeme wa jua kwa bei ya juu kuliko nchi yenye mawingu.

Kazi kubwa ya fedha za umma iko kwenye pengo hilo la riba. Serikali ikidhamini mkopo, ikikopesha sehemu yake kwa masharti nafuu, au ikiahidi kununua umeme kwa bei iliyopangwa kwa miaka kadhaa, hatari inapungua na mkopeshaji binafsi anakubali riba ya chini. Morocco ilifanya hivyo kwenye mradi wa umeme wa jua wa Noor huko Ouarzazate, ambao awamu yake ya kwanza ya megawati 160 ilizinduliwa Februari 2016. Wakala wa serikali ulikopa kwa masharti nafuu kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na taasisi za Ulaya, kisha ukazikopesha fedha hizo kwa mradi. Umeme wake bado ulikuwa ghali kuliko bei ya kuuzia, na serikali ikabeba tofauti. Hakuna kampuni binafsi ambayo ingejitwisha mzigo huo peke yake.

Ukishaelewa hesabu ya riba, unaelewa pia kwa nini fununu tu ya kukatwa fedha ina madhara. Benki haiangalii ahadi ya leo peke yake. Inajiuliza kama ahadi hiyo itakuwepo mwaka wa 7 na mwaka wa 15 wa mkopo. Ikitia shaka, inapandisha riba, na umeme unapanda bei kabla Hazina haijapunguza hata senti moja.

Mwaka ambao mitambo haikujengwa

Mfano unaonisikitisha kuliko yote unatoka Marekani, kwa sababu madhara yalitokea bila mtu yeyote kupunguza kiwango cha fedha.

Mwaka 1992 nchi hiyo ilianzisha nafuu ya kodi kwa kila uniti ya umeme wa upepo inayozalishwa. Tatizo lilikuwa kwenye ukomo wake. Bunge la nchi hiyo, Kongresi, likazoea kuihuisha kwa muda mfupi, kuiacha ife, kisha kuifufua. Ilikufa katikati ya 1999, ikafa tena mwishoni mwa 2001 na mwishoni mwa 2003. Kila mara, mwaka uliofuata ujenzi wa mitambo mipya uliporomoka kwa zaidi ya asilimia 70.

Halafu ukaja mwaka 2012. Mtambo wa upepo haupatikani kwa kwenda kuuchukua ghalani. Mnara, mapanga yanayozungushwa na upepo na jenereta huagizwa miezi mingi kabla, ardhi hukodiwa, kreni kubwa huwekewa nafasi, na benki hutaka kuona mkataba wa kuuza umeme. Ilipofika katikati ya 2012 hakuna aliyejua kama nafuu ingekuwepo Januari, kwa hiyo oda za 2013 hazikuja. Viwanda vya mapanga na minara vikaanza kupunguza wafanyakazi huku maeneo ya ujenzi yakifanya kazi usiku na mchana kumaliza miradi kabla ya tarehe 31 Desemba. Nafuu ikafikia ukomo usiku huo. Kongresi ikaihuisha Januari 1, 2013, na rais akasaini kesho yake.

Kwenye karatasi pengo lilikuwa la saa chache, na kiwango cha nafuu hakikushushwa. Lakini mwaka 2012 Marekani ilijenga zaidi ya megawati 13,000 za upepo, na mwaka 2013 ikajenga takriban 1,100. Mafundi walioondoka viwandani hawakukaa nyumbani wakisubiri simu. Anayesema kuchelewesha uamuzi wa bajeti kwa miezi michache hakuna gharama, aulizwe kuhusu mwaka huo.

Nchi hiyo hiyo imerudia jambo hili kwa upana zaidi. Sheria ya mwaka 2022 iliwaahidi wananchi nafuu ya kodi kwa sola za nyumbani kwa takriban miaka kumi. Sheria nyingine iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikaikatisha mwishoni mwa mwaka huo huo, na miradi mikubwa ya upepo na jua ikapewa hadi Julai 4, 2026 iwe imeanza kujengwa, la sivyo imalizike kabla ya mwisho wa 2027. Mwezi uliofuata, Agosti 2025, mpango wa dola bilioni 7 wa kuzifikishia sola kaya za kipato cha chini ulifutwa na wakala wa mazingira wa serikali, ingawa fedha zilikwishagawiwa kwa majimbo na taasisi kwa mikataba. Kesi zikafunguliwa. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga sera yenyewe, lakini mtoa huduma aliyekwisha kuajiri mafundi kwa mkataba wa serikali ana haki ya kuuliza mkataba huo ulikuwa na maana gani.

Fedha zisizo na msingi wa kisheria

Ujerumani inatoa funzo la aina nyingine. Sheria yake ya nishati jadidifu ya mwaka 2000 ilimhakikishia mzalishaji bei maalumu kwa miaka 20, huku kiwango kwa wanaojiunga baadaye kikishuka kwa ratiba iliyoandikwa. Aliyejenga alijua atalipwa nini hadi mwisho. Gharama ililipwa kupitia tozo kwenye ankara za umeme, si kwenye bajeti kuu, hivyo mabishano ya kila mwaka ya Hazina hayakuigusa. Mpango huo ulichangia sana kulifanya soko la paneli likue duniani kote, na ukuaji huo ukashusha bei. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu zinaonyesha gharama ya umeme wa sola kwenye miradi mikubwa ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2023. Kila nchi inayonunua paneli kwa bei nafuu leo inafaidi fedha ambazo raia wa nchi nyingine walitoa miaka ishirini iliyopita.

Tozo ile iliwaelemea wananchi, kwa hiyo Julai 2022 iliondolewa na gharama zikahamishiwa kwenye mfuko wa serikali. Ulikuwa uamuzi wa huruma kwa mlipa ankara. Kumbe mfuko wenyewe ulikuwa umeimarishwa kwa euro bilioni 60 za idhini ya kukopa iliyotolewa awali kwa ajili ya janga la UVIKO-19, ambazo hazikutumika zikahamishiwa kwenye miradi ya tabianchi. Novemba 15, 2023 Mahakama ya Katiba ikasema uhamisho huo ni batili. Bilioni 60 zikatoweka kwenye mipango kwa hukumu moja.

Mwezi mmoja baadaye athari ikawafikia watu wa kawaida. Jumamosi ya Desemba 16 serikali ilitangaza kwamba maombi ya ruzuku ya magari ya umeme yatafungwa kesho yake usiku. Ruzuku hiyo ilikuwa inaombwa baada ya gari kusajiliwa. Aliyesaini mkataba wa kununua miezi mingi nyuma akitegemea ruzuku, lakini gari lake likawa bado halijafika, hakuwa na cha kuomba. Baadhi ya watengenezaji walijitolea kufidia wateja wao. Mwaka 2024 usajili wa magari mapya ya umeme nchini humo ulishuka kwa takriban asilimia 27, ingawa hiyo haikuwa sababu pekee.

Funzo kwa mbunge ni kwamba fedha zilizopatikana kwa ujanja wa kihasibu hazijalindwa, hata zikiwa nyingi kiasi gani.

Mifuko inayokombwa

Njia ya tatu ya kupoteza fedha ndiyo ninayoiona kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu mwananchi anaendelea kuchangia. Anakatwa tozo kwenye ankara akiambiwa ni ya nishati safi au ya kupunguza matumizi ya umeme. Bajeti ikiyumba, serikali inauona mfuko wenye fedha na kuuhamisha. Majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani yana mpango wa pamoja wa kuuza vibali vya utoaji hewa ukaa, na mapato yake hugharimia nishati safi. New York ilichukua dola milioni 90 za mapato hayo mwaka 2009 kuziba nakisi, na New Jersey ikachukua milioni 65 mwaka uliofuata. Mwaka 2017 Connecticut ilihamisha fedha za mifuko yake ya nishati iliyochangiwa na wateja wa umeme. Wateja wakaenda mahakamani. Mahakama ikasema wateja hawakuwa na haki ya kimkataba juu ya fedha hizo, kwa hiyo jimbo lilikuwa na uwezo wa kuzihamisha.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila mwandishi wa miswada. Kama sheria haitamki wazi kwamba fedha zimewekewa uzio, nani analindwa na nini kitatokea zikihamishwa, basi uzio haupo. Neno "mfuko" kwenye jina la sheria halizuii kitu.

Hoja za wanaotaka fedha zipunguzwe

Zipo hoja za wapinzani zinazostahili majibu ya kweli.

Ya kwanza ni kwamba serikali haijui kuchagua kampuni nzuri. Mfano unaotajwa daima ni Solyndra, kiwanda cha paneli cha California kilichopewa dhamana ya mkopo wa dola milioni 535 mwaka 2009 na kufilisika Septemba 2011. Hasara ilikuwa ya kweli na walipa kodi waliibeba. Lakini ofisi hiyo hiyo ya mikopo iliikopesha Tesla dola milioni 465 mwaka 2010, na kampuni ikalipa yote mwaka 2013, miaka tisa kabla ya muda. Ilipofika mwaka 2014, wizara ya nishati ya nchi hiyo iliripoti kwamba riba iliyokusanywa kwenye mikopo yote, takriban dola milioni 810, ilikuwa imezidi hasara, takriban milioni 780. Mkopeshaji asiyepata hasara yoyote kwenye teknolojia mpya anakopesha wale ambao wangekopeshwa na benki yoyote. Cha kudai ni hesabu ya kapu zima, iwekwe hadharani kila mwaka.

Ya pili ni kwamba ruzuku hupotosha soko. Ni kweli zinaweza, na Uhispania ilionyesha. Amri ya mwaka 2007 iliweka bei ya juu sana kwa umeme wa jua bila kikomo kinachofanya kazi, na mwaka 2008 zikajengwa megawati zipatazo 2,700, mara nyingi ya zilizokuwa zimekusudiwa. Deni likarundikana, malipo yakaanza kukatwa hata kwa waliokwisha kujenga, na Januari 2012 ruzuku kwa miradi mipya ikasitishwa. Wawekezaji wakafungua kesi zaidi ya 50 kwenye mabaraza ya kimataifa ya usuluhishi. Hilo ni kosa la kuahidi bila kupima. Lakini anayeleta hoja ya soko aiangalie na upande wa pili: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2022 ruzuku za kuwashushia watumiaji bei ya mafuta, gesi na makaa zilizidi dola trilioni 1 duniani. Hakuna soko safi linalosubiri kurudishwa kwa kuikata nishati safi peke yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kama sola imekuwa rahisi hivyo, fedha za umma ni za nini tena? Hapa nakubaliana na wapinzani nusu ya safari. Ruzuku kwa kitu ambacho soko tayari linakilipia iondolewe, kwa ratiba inayojulikana mapema. Kinachobaki ni kile ambacho soko halikifikii. Gridi ya kusafirisha umeme haijengwi na muuza paneli. Kaya isiyo na akiba haiwezi kulipa gharama ya siku ya kwanza hata kama ingeokoa fedha baada ya miaka mitano, na mpangaji hatawekeza kwenye paa la mwenye nyumba.

Kisha kuna kupikia. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani bado wanapikia kuni, mkaa, mafuta ya taa au kinyesi cha mifugo, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko la umeme au la gesi linaokoa mapafu ya mama na mtoto, lakini hakuna ankara ambayo muuza jiko anaweza kuipelekea hospitali kwa wagonjwa ambao hawakuletwa. Nafuu hiyo inaingia kwenye bajeti ya afya huku gharama ikibaki kwenye bajeti ya nishati, na ndiyo maana kila mwaka gharama inaonekana na faida haionekani. Wabunge wanaosema fedha hizi ziende hospitali wasiache kuitazama hesabu hiyo.

Mbunge ana nguvu gani

Inategemea bunge lenyewe. Kongresi ya Marekani inaweza kuandika upya bajeti ya rais. Mabunge mengi yanayofuata mfumo wa Uingereza hayana uwezo huo: mbunge anaweza kupendekeza kupunguza, lakini kuongeza kunahitaji ridhaa ya serikali. Katika mabunge ya aina hiyo, kusubiri siku ya kupitisha makadirio ni kuchelewa. Kazi inafanyika wizara inapoandaa makadirio na kamati ya nishati inapokutana na Hazina.

Nje ya namba, kila bunge lina kalamu ya kutunga sheria, na hapo ndipo uhakika unapoandikwa. Sheria inaweza kutamka kwamba mapato ya tozo fulani hayatumiki kwa jambo lingine bila muswada mahususi na kura ya wazi, badala ya kifungu kilichofichwa kwenye muswada mrefu wa fedha. Inaweza kuweka mpango wa miaka mitano au zaidi wenye tathmini katikati, ili wenye viwanda wasiishi kwa kuhesabu miezi. Inaweza kuilazimu Hazina kutoa fedha kila robo mwaka na kueleza kwa maandishi pale isipotoa. Inaweza kulinda mikataba iliyosainiwa, hata sera ikibadilika kwa waombaji wapya. Na ikiwa wabunge wamejifunza kutoka Uhispania, wataweka kikomo cha megawati au cha fedha tangu mwanzo, pamoja na ratiba ya kushusha ruzuku kadiri bei zinavyoshuka. Serikali isiyobanwa na ahadi kubwa kupita uwezo wake haina sababu ya kuivunja.

Mwananchi au chama cha mafundi kinachokwenda kumwona mbunge kisiende na hotuba kuhusu mustakabali wa dunia. Kiende na ukurasa mmoja wenye jina la kifungu cha bajeti na safu tatu kwa miaka mitatu iliyopita: kilichoombwa, kilichoidhinishwa na kilichotolewa. Safu ya tatu ndiyo ngumu kuipata. Mara nyingi itatafutwa kwenye ripoti za mkaguzi wa hesabu za serikali au kwenye majibu ya wizara kwa kamati. Ikikosekana, hilo liwe ombi la kwanza kwa mbunge, kwa sababu ana haki ya kuuliza swali la maandishi na wizara ina wajibu wa kumjibu. Ikipatikana na ikawa ndogo kuliko safu ya pili mwaka hadi mwaka, mwombe aseme kwenye kamati, kwa kumbukumbu rasmi, fedha hizo zilikwenda wapi na kifungu gani cha sheria kiliruhusu ziende huko, na alifanye hilo kabla kamati haijafunga hesabu zake.